Farasi mwenye masikio ya kulegea: ni mpole kweli, au unajidanganya? Mwongozo kamili hatua kwa hatua

Nimeandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kila wiki. Mtu ananitumia picha ya farasi, masikio yamening'inia huku na huku kama majani ya mgomba yaliyokosa maji, halafu ananiuliza, "Kaka, huyu si ni mpole? Nimchukulie watoto?" Nikimuuliza picha umepiga saa ngapi, alikuwa ametoka kazini au ametoka kula, sikio la pili linafanya nini, hajui. Analipa. Baada ya wiki mbili ananipigia simu farasi ameuma mtoto, au hali chakula, au ameanguka zizini.

Wote wanakosea mahali pamoja: wanaona sikio limelala wanasema tabia. Sikio la farasi linakwambia alivyozaliwa, linakwambia anavyojisikia dakika hii, na linakwambia kama kuna kitu kinamuuma. Tabia utaipata kwingine, na inachukua siku tatu. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, nimelala kwenye mazizi ya Karen na Ngong, huku upande wa Nairobi, miaka mingi kuliko niliyolala kwangu, si daktari wa mifugo, kwa hiyo nikisema hapa "ita daktari" naomba uite.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Usitegemee kichwa, kichwa kinapenda farasi mzuri
- Simu yenye nafasi ya video
- Saa yenye mshale wa sekunde
- Kipimajoto cha kutumia nyuma, chini ya mkia, kimefungwa uzi, na Vaseline kidogo
- Halta (mkanda wa kichwani wa kumshikia farasi) na kamba ndefu kama mita tatu
- Kopo lenye punje kidogo za kutikisa
- Koti la mvua au mwavuli (zamani tulitumia mfuko wa plastiki, tangu ipigwe marufuku Kenya 2017 mimi natumia koti)
- Tochi ndogo
- Viatu vya kufunika vidole. Ndala hapana, tafadhali
- Mtu wa pili, na awe anayejua farasi, si shemeji aliyekuja kupiga selfi

## Hatua ya 1: Mtazame kabla hajakuona

Fika kimya, simama mbali kama mita ishirini au thelathini, upande ambao upepo hautoki kwako kwenda kwake, kaa dakika kumi na washa video.

Kwa nini mbali? Kwa sababu ukishasogea masikio yote mawili yanageuka kwako na hapo huoni tena yake, unaona ya mtu anayepokea mgeni. Kila sikio la farasi linaendeshwa na misuli kumi na linazunguka karibu nusu duara bila kumsubiri mwenzake, moja linaweza kusikiliza lori barabarani na lingine linakusikiliza wewe. Farasi mzima anayejisikia vizuri anayachezesha muda wote. Hesabu kwenye video, dakika moja tu, yamegeuka mara ngapi.

Tahadhari: usifanye saa nane mchana jua likiwa kali ukaishia hapo. Saa hiyo karibu kila farasi anasinzia kwa kusimama, mguu mmoja wa nyuma kaupumzisha, mdomo wa chini umening'inia, macho nusu, masikio yamelegea pembeni. Hata yule mkorofi kuliko wote kwenye boma saa nane anaonekana mtawa. Njoo asubuhi wakati wa chakula, na urudi jioni.

Umefaulu ukiwa na video mbili za saa tofauti na umeandika masikio yanakaaje wakati hakuna kinachoendelea.

## Hatua ya 2: Jua kama amezaliwa hivyo

Kuna farasi masikio yao yamelala tangu wakiwa watoto, yanatoka kichwani yakielekea pembeni badala ya juu. Nilitunza mmoja, dume lililohasiwa, farasi wa mbio aliyestaafu, masikio yake yalikuwa kama ya mbuzi wa Boer na akikimbia polepole yalipigapiga hewani kama mabawa. Wageni walikuwa wakimwonea huruma wakidhani anaumwa. Haumwi, ndivyo alivyo.

Kumtofautisha na aliyelegea kwa ugonjwa au uchovu ni rahisi. Simama ubavuni, asikuone mkono, tikisa kopo la punje. Usiangalie ncha ya sikio, angalia shina, pale linapoota kichwani. Aliyezaliwa hivyo ncha itabaki imelala lakini shina litazunguka haraka kufuata sauti, utaona msuli chini ya ngozi unavuta. Aliyelegea kwa kuumwa au kulewa dawa shina halijibu, au linajibu kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Rudia upande wa pili.

Kama sikio moja tu ndilo limeanguka, usiendelee na habari ya upole kabisa. Angalia uso upande huohuo: kope imeshuka? Mdomo umevutika kwenda upande wa pili? Chakula kinabaki shavuni? Huo ni mshipa wa fahamu wa uso umeumia, mara nyingi kwa kugongwa, au amelala chini muda mrefu na halta yenye vyuma. Daktari.

Muulize pia mwenye farasi picha za zamani. Kama za miaka mitatu iliyopita masikio yalisimama wima na leo yamelala, hilo si umbo, kuna kitu kimebadilika na mwenye farasi akikwambia "amezeeka tu amekuwa mpole" andika sentensi yake kwenye daftari uendelee na hatua ya 3.

## Hatua ya 3: Ondoa ugonjwa kwanza

Hii ndiyo hatua watu wanaruka, na ndiyo iliyoniachia jino lililovunjika.

Kulikuwa na jike mmoja, rangi ya kahawa ya maziwa, masikio chini, kichwa chini, unamfunga unamfungua hana habari. Tukamwita mpole wa boma. Asubuhi moja navalisha hatamu, nikapitisha mkanda juu ya sikio la kushoto, akarusha kichwa juu kama aliyeguswa na umeme na mfupa wa uso wake ukakutana na mdomo wangu. Nikamlaani vizuri tu. Mzee niliyekuwa chini yake wakati huo hakusema kitu, alichukua tochi akaniita.

"Njoo uangalie upole wako."

Ndani ya tundu la sikio, chini kabisa ambako mkono wa brashi haufiki, kupe wamejipanga kama punje za mtama, wadogo, wamebanana ukuta kwa ukuta, na nta nyeusi imewazunguka. Alikuwa haoni sababu ya kuinua masikio kwa sababu kuyainua kulimuuma. Daktari alipowatoa na kumtibu, ndani ya siku kumi masikio yalisimama, na tukagundua tunaye farasi mwenye maneno mengi kuliko wote pale.

Kwa hiyo fuata hivi:

Joto. Simama ubavuni mwa paja, si nyuma. Farasi mkubwa aliyepumzika ni kati ya 37.5 na 38.5. Juu ya hapo na masikio yamelala, simamisha kila kitu.

Mapigo. Tafuta mshipa chini ya taya kwa vidole viwili, hesabu sekunde 15 zidisha kwa nne. Kati ya 28 na 44 ni sawa. Kama ametulia, hajafanya kazi, na yako 60, anaumwa hata kama uso wake unatabasamu.

Pumzi. Angalia ubavu unavyopanda, 8 hadi 16 kwa dakika.

Ndani ya sikio. Mtu wa pili ashike halta. Weka mkono shingoni kwanza, panda taratibu, acha azoee, ndipo ufike kwenye shina. Mulika tochi bila kuingiza kitu. Huku kwetu kuna kupe wa miguu myekundu ambaye watoto wake wanapenda sana kujificha ndani ya masikio ya farasi na punda, na wakishakomaa wanahamia chini ya mkia, na kupe huyohuyo anaweza kuleta ugonjwa wa damu unaoleta homa na ufizi wa njano. Ukiona madoa meupe kama magamba upande wa ndani wa sikio, hayo ni mambo ya virusi na nzi wadogo, kwa kawaida hayaumi sana, usiyabandue.

Juu ya macho. Kile kishimo kilicho juu ya jicho kimejaa, kimevimba? Pamoja na homa na masikio ya kulala inaweza kuwa homa ya farasi ya Afrika, na hapo unapiga simu ukiwa bado umesimama palepale. Ugonjwa huo unaua haraka.

Tahadhari tatu ambazo nimeona watu wakizivunja. Usimimine mafuta ya taa wala dizeli sikioni kuua kupe, unaunguza ngozi na unaweza kumpotezea usikivu. Usivute kupe wa ndani kabisa kwa mkono, mwachie daktari. Na usimshike farasi kwa kumkunja sikio ili atulie, najua bado kuna watu wanafundishana hivyo, atatulia leo na hutamvalisha hatamu mwaka mzima.

Neno moja la pembeni: usidhani sikio la wima ndilo la afya siku zote. Farasi mwenye pepopunda masikio husimama yakakakamaa kama mbao, na ukimshtua ngozi ya tatu ya jicho inaruka ikafunika. Kwa hiyo tafuta sikio linalotembea, liwe limesimama au limelala.

Umefaulu hatua hii ukiwa na namba tatu kwenye daftari, masikio mawili yaliyomulikwa, na hakuna kilichokushtua.

## Hatua ya 4: Soma sikio pamoja na uso wote

Sikio peke yake ni neno moja lililokatwa kwenye sentensi. Hizi ndizo hali nne ambazo watu wanazichanganya, na zote ukipiga picha kwa mbali zinafanana.

Amepumzika. Masikio pembeni yamelegea, mdomo wa chini laini, pua za duara, mguu mmoja wa nyuma umekunjwa. Ukimwita anageuza sikio ndani ya sekunde moja au mbili. Huyu hana neno.

Anasikiliza nyuma. Masikio yameelekea nyuma lakini matundu yako wazi na hayajabana shingo, unaona sana akiwa na mtu mgongoni. Anakusikiliza wewe uliyempanda. Wengi wanaona hii wanasema ana hasira, wanampiga, na hapo ndipo hasira yenyewe inaanza.

Anaumwa. Masikio yamekakamaa kidogo kwenda nyuma na pembeni, nafasi kati yao imekuwa pana, juu ya jicho kuna mkunjo wa mfupa unaoonekana, msuli wa taya umejaa, pua zimebana, kidevu kimekaza. Madaktari wana kipimo kabisa cha maumivu kwa uso wa farasi, kimetoka 2014, na sikio lililokakamaa kwenda nyuma ni moja ya vitu sita wanavyopima. Tofauti na aliyepumzika iko kwenye kukaza: aliyepumzika uso wake umemwagika, anayeumwa uso wake umefungwa.

Amekata tamaa. Hii inaniuma kuizungumzia kwa sababu ndiyo inayouzwa sana kama "farasi wa watoto". Anasimama shingo imenyooka sawa na mgongo, macho wazi lakini hayafuati kitu, masikio hayageuki, unapita nyuma yake na ndoo hajali. Watafiti wa Rennes, Ufaransa, waliandika mwaka 2012 kuhusu farasi wa shule za kupanda wanaokaa hivi, wamejitoa duniani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, na farasi wa namna hii akipata malisho, wenzake na mapumziko ya miezi miwili unaweza kukutana na mnyama mwingine kabisa ambaye hukumlipia.

Ya tano sihitaji kuieleza sana: masikio yamelazwa nyuma yakabana shingo, pua imekunjamana. Toka. Na kumbuka kwamba yule mwenye masikio ya kuzaliwa ya kulegea akikasirika dalili yake ni ndogo, masikio yalikuwa tayari yako chini, kwa hiyo kwake angalia pua na mkia kwanza.

## Hatua ya 5: Hakikisha hajapewa dawa

Hii ni kwa wanunuzi tu. Wengine rukeni.

Dawa ya kutuliza inamfanya farasi awe na masikio ya kulegea mazuri kweli, kichwa kinashuka karibu na magoti, mdomo unaning'inia, miguu ya nyuma anaitanua kidogo asianguke, na dume uume unatoka nje unabaki unaning'inia bila kukojoa. Ukiona haya saa nne asubuhi mbele ya muuzaji mwenye haraka, muulize tu kwa heshima, "Mzee, amepewa chochote leo?" na uangalie uso wa mzee, maana masikio ya farasi utayakuta tena kesho.

Kwa sababu dawa inaisha, dawa yako ni kurudi. Usiseme siku. Rudi kesho kutwa saa tofauti. Kama bei ni kubwa mwambie daktari achukue damu siku ya ukaguzi, muuzaji mwaminifu hakatai.

## Hatua ya 6: Jaribio la siku tatu, hapa sasa ndipo tabia ilipo

Tabia ni kile kinachojirudia. Siku moja ni bahati, ndiyo maana siku tatu, na kila siku unafanya mambo manne yaleyale kwa mpangilio uleule. Farasi awe kwenye uzio anaoujua, mtu wa pili karibu na mlango.

1. Kitu kigeni. Weka koti la mvua chini, mwachie awe huru. Pima sekunde tangu alione hadi alinuse. Kushtuka si dhambi, farasi ameumbwa akimbie, unachopima ni anarudi baada ya muda gani. Masikio yakielekea mbele kwenye koti halafu yakalegea, vizuri.

2. Upweke. Toa farasi mwenzake aende asikoonekana, dakika tano. Anaita? Anatembea uzio mzima anatoka jasho? Au anaangalia, anaita mara mbili, anarudi kwenye majani?

3. Mguso. Pitisha mkono shingoni, mgongoni, tumboni, miguuni. Andika mahali ambapo masikio yanarudi nyuma. Pakiwa palepale siku zote tatu ni maumivu au historia mbaya, pakibadilikabadilika ni wewe unamtekenya.

4. Mtu mgeni. Mtu wa pili aingie, asimame tu. Usimwite farasi. Nani anamfuata nani?

Tahadhari: usifungue mwavuli usoni kwake kwa ghafla ati unapima ujasiri. Mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia farasi haoni, na ukitokea hapo hupimi tabia, unapima mbio.

Umefaulu kama siku ya tatu sekunde za koti zimepungua. Farasi wa kufaa watoto si yule asiyeshtuka, ni yule anayeshtuka akarudi, na kila siku anarudi upesi zaidi. Kama siku ya tatu ni ndefu kuliko ya kwanza, huyo anahitaji mtu mzoefu.

## Hatua ya 7: Sasa sikio lile linasema nini

Kule Uingereza watu wa mbio wana imani ya muda mrefu kwamba farasi mwenye masikio ya kulala pembeni ni mkweli, anajituma, hana ujanja. Na nimewapenda wachache wa aina hiyo kwa hiyo sitawabishia sana. Lakini imani nyingine inayozunguka, kwamba "sayansi imeonyesha masikio ya kulegea ni upole", inatoka kwa mbweha wa Siberia, jaribio lililoanza 1959 karibu na Novosibirsk, ambako walizalisha mbweha wasioogopa watu kizazi baada ya kizazi na baadhi yao wakatokea na masikio ya kulegea. Angalia vizuri: walichagua upole, hawakuchagua masikio. Hata hao mbweha walitoka kwenye ukoo uliofugwa mashambani kabla ya hapo, ndiyo maana wengine wanabishia hadithi nzima. Kutoka mbweha hadi farasi mmoja aliyesimama mbele yako Ngong ni safari ndefu mno kumpandisha mtoto juu yake.

Kwa hiyo uzito wangu ni huu: umbo la sikio nalipa sifuri. Mwendo wa sikio nalipa kidogo. Siku tatu za daftari nazilipa karibu zote.

## Ukikwama

*Ni punda, si farasi.* Hatua zilezile ila namba zinabadilika, joto la punda ni la chini kidogo, 36.2 hadi 37.8, na mapigo 36 hadi 52. Punda anaficha maumivu kuliko farasi, masikio kulala kwake kwa saa nyingi ni jambo zito, hasa akiwa ameacha kula. Waulize wa Lamu.

*Ni mtoto wa farasi, siku chache tangu azaliwe.* Masikio laini yanayoning'inia siku za mwanzo yanaweza kuwa dalili ya kuzaliwa kabla ya wakati, mwonyeshe daktari. Na akiwa pia hanyonyi, usisubiri kesho.

*Masikio yananyooka mchana na kulala usiku tu.* Analala. Mwache alale.

Yule wangu wa masikio ya mbuzi, ukurasa wake wa siku ya tatu bado ninao, karatasi ina alama ya kwato pembeni: "Joto 37.8. Mapigo 36. Shina kushoto linazunguka, kulia linazunguka. Koti: sekunde 40, jana 95, juzi 210. Upweke: ameita mara moja, amekula. Mguso: sawa, mbavu ya kulia anarudisha sikio, siku zote tatu." Daktari alikuta jeraha la zamani la tandiko pale pale kwenye mbavu ya kulia. Tukabadilisha tandiko.